Mwenye miaka arobaini Simiyu asomee wapi?

Vyuo vya ufundi stadi nchini hupokea wanafunzi wa kozi ndefu mwezi Januari. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Novemba anafaidika na mpango huo: Desemba yuko nyumbani, fomu imeshajazwa, anafunga begi anaondoka. Lakini mkulima wa Bariadi, mkoani Simiyu, mwenye familia na ekari zake saba hawezi kutoka Januari hata kwa siku tatu. Pamba aliyopanda Novemba na Desemba imeota, na magugu yameota nayo. Mahindi yanadai palizi. Mvua ikikatika katikati, kama inavyofanya mara kwa mara siku hizi, kuna kurudia kupanda. Akiliacha shamba mwezi huo akaenda kusoma, Juni hatakuwa na cha kupeleka kwenye mizani ya chama chake cha ushirika, AMCOS.

Nimeanza na kalenda kwa sababu inaonyesha, kuliko hotuba yoyote, kwamba waliopanga mafunzo ya ufundi hawakuwa wakimfikiria mtu wa makamo. Hakuna aliyemkataza. Mlangoni hakuna tangazo la kumzuia. Ila kila kitu kimeshonwa kwa kipimo cha mwanawe: tarehe ya kuanza, bweni, cheti cha kuingilia, urefu wa kozi, umri ulioandikwa kwenye mwongozo wa ufadhili. Baba au mama akijaribu kulivaa vazi hilo, mabega hayapiti.

Na wanaotaka kulivaa ni wengi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na, kwa upande wa Busega, kutoka Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ardhi haikuongezeka hata pima moja. Shamba alilolima babu peke yake linagawanywa kwa wajukuu, na kila mgawo unampa mtu pamba pungufu. Juu ya hapo iko bei. Mwaka 2019 bei dira ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na wakulima wengi walikaa muda mrefu wakidai fedha zao baada ya kupima. Mwaka 2020 msimu ulifunguliwa kwa shilingi 810. Mwaka 2022 bei ikapanda ikapita 1,500, watu wakapumua, wakapanua mashamba. Mwaka 2023 ikarudi 1,060. Hakuna mkulima wa Nkololo wala wa Mwandoya aliyesababisha lolote kati ya hayo. Alilima vilevile, alipalilia vilevile, akapigana na funza wa vitumba vilevile, na mwisho wa msimu kipato chake kikaamuliwa na masoko ya nyuzi yaliyo mbali kabisa na Ziwa Victoria.

Kwa hiyo mtu akifika miaka arobaini, ameshaiona misimu ya kutosha kujua kwamba pamba peke yake haitamfikisha. Chukua mwanaume wa Dutwa, miaka 43, darasa la saba, watoto sita, mmoja yuko sekondari na mwingine anaingia mwakani. Hachukii pamba. Anajua kuilima kuliko nitakavyowahi kujua mimi. Anachotaka ni karakana ndogo ya kuchomelea pale barabarani, kwenye lami ya Lamadi kwenda Bariadi. Plau za ng'ombe zinavunjika kila msimu, matela ya mikokoteni yanapasuka, milango na madirisha ya nyumba mpya za bati yanaagizwa mjini. Tayari anajua kidogo, maana plau yake mwenyewe amekuwa akiitengeneza kwa kuazima mashine ya jirani. Amekwama wapi? Hajui kusoma mchoro. Hajui kupima umeme wa mashine kwa unene wa chuma, kwa hiyo viungo vyake vinaachia. Hajui kupiga hesabu ya gharama ili fundi wa mjini asimshinde bei huku yeye akila hasara. Mambo hayo matatu yanafundishika kwa wiki kumi au kumi na mbili kwa mtu mwenye mikono iliyozoea chuma. Hayahitaji miaka miwili bwenini.

Lakini atafundishwa na nani? Akienda chuoni, ataambiwa Januari. Akienda kwa fundi wa mtaani, atakuwa spana boi mwenye mvi, atafagia karakana, atatumwa vocha, na fundi atamficha mambo makubwa kwa kuogopa mshindani. Akiomba nafasi za ufadhili, atakuta nyingi zimeandikwa kwa ajili ya vijana, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Akifikiria mkopo wa halmashauri, sheria iliyorekebishwa 2018 imetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani hivi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mafungu yote matatu yana haki yake, na sitaki hata moja lipunguzwe. Lakini tazama nani amebaki nje: mwanaume mwenye afya aliyepita umri unaokubalika kwenye fungu la vijana. Ndiye anayelipa michango ya ujenzi wa madarasa. Ndiye anayeitwa kwanza kwenye mkutano wa kijiji wanapotafuta nguvu kazi. Siku akitaka kujifunza kazi mpya, hana fungu.

Mwanamke wa umri huo ana fungu la mkopo, na hilo ni jema, lakini kwa upande wa mafunzo hali yake si nzuri zaidi. Anachopewa ni semina ya siku mbili. Sabuni ya maji, batiki, keki. Nimeziona semina hizi kwa miaka mingi na zinaniuma. Wanawake thelathini wa kata moja wanafundishwa sabuni ileile kwa siku zilezile, wanapigwa picha wameshika madumu, kisha wanarudi kijijini kila mmoja akimtafuta mteja ambaye ni mwenzake wa semina. Baada ya miezi mitatu madumu yanachotea maji. Anayekuja kukagua anaandika kwamba wanawake wa kijiji hiki hawana moyo wa biashara. Moyo walikuwa nao. Walikosa mtu wa kuuliza, kabla ya kuwafundisha, kijiji hiki kinanunua nini kutoka nje kila wiki na nani hapa anaweza kukitengeneza.

Husemwa kwamba kikwazo kikubwa ni aibu, kwamba mtu mzima wa Usukumani hatakubali kukaa darasani na watoto. Sikubaliani. Aibu ipo, lakini imepewa uzito kuliko inavyostahili, na inatumika kama kisingizio na watu ambao hawajajaribu kuliandaa darasa lenyewe. Mkulima huyohuyo wa Dutwa amekubali, utu uzimani, kubadilisha namna anavyopanda pamba. Miaka yote walipanda kwa sentimita 90 kwa 40. Maofisa wa Bodi ya Pamba na maofisa ugani wakaja na sentimita 60 kwa 30, mpango unaozidisha mashina mara mbili katika ekari moja. Wengi waliokubali wana umri wa kuwa wazazi wa waliowafundisha. Walisimama shambani na kamba, wakamsikiliza kijana wa miaka ishirini na sita. Kijana aliwaamkia kwanza, shikamoo baba, shikamoo mayu, wakaitikia, kisha wakawa wanafunzi wake kwa asubuhi nzima. Heshima ilikaa mahali pake na somo likakaa mahali pake. Mtu mzima hakimbii kufundishwa. Anakimbia kufundishwa kama mtoto.

Kanda ya Ziwa iliwahi kulielewa jambo hili kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1968 Serikali pamoja na UNESCO walianzisha katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera, mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa. Maana yake vijiji vyote ambavyo sasa ni Simiyu vilikuwa ndani ya mikoa ya mradi. Vitabu vya kisomo viliandikwa kuizunguka kazi ya msomaji. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba, mvuvi kwa habari za uvuvi, mfugaji kwa ng'ombe. Aliyejua kuandika jina lake alikuwa pia amejifunza jambo la kufanya shambani. Madarasa yalifuata saa za kazi za watu, jua likipungua. Kanda ikapata hata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma asisahau kwa kukosa cha kusoma.

Haikuwa huruma. Mwalimu Nyerere alilieleza Bungeni mwaka 1964, akiwasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, kwamba tuanze na watu wazima, kwa kuwa mchango wa watoto kwenye uchumi ungechukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kuonekana, wakati mtu mzima akielimika leo, mabadiliko yanaonekana leo. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua wamepungua hadi chini ya asilimia 10. Kisha uchumi ukabana, fedha za elimu ya watu wazima zikawa za kwanza kukatwa, na taratibu tukazoea kuamini kwamba anayestahili kufundishwa ni mtoto na kijana.

Mbegu moja ya enzi hizo bado iko Simiyu. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden: mtu mzima atoke kijijini, ajifunze kwa muda, arudi kijijini akiwa na kitu mkononi. Leo viko 54 nchini, na kimoja kipo Malampaka, wilayani Maswa. Katika miaka ya karibuni vyuo hivi vimesogea karibu na mfumo wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na madarasa yake yamejaa vijana. Hata hivyo vimefanya jambo moja ambalo wengine wangejifunza. Kwa programu yenye jina lilelile la gazeti lile la zamani, Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimewapokea wasichana waliokatiza shule kwa sababu ya ujauzito au ndoa, wakaja na watoto wao, na chuo kikaweka mahali pa kuwalea mama akiwa darasani. Ukishaweza kumpangia mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni, huwezi tena kusema mwanafunzi mwenye ng'ombe na shamba hapangiki.

Malampaka inanipa hamu kwa sababu nyingine pia. Ni mji wa reli. Treni ya Tabora kwenda Mwanza imepita hapo tangu 1928, na sasa kipande cha reli ya kisasa, SGR, cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, kinapita hapohapo. Ujenzi mkubwa namna hii huhitaji watu wa kuchimba na kubeba, ambao hawaulizwi cheti, na huhitaji wachomeleaji, wasuka nondo, waendesha mitambo na mafundi umeme, ambao cheti ni cha kwanza kuulizwa. Mwenyeji mwenye miaka arobaini na ujuzi aliojifunza mtaani anaishia kwenye kundi la kwanza, hata kama mikono yake ni ya kundi la pili.

Hapa kwenye cheti nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wa makamo wanapoumia zaidi.

Fundi umeme wa mtaani anaweza kuwa ametandaza nyaya katika nyumba nyingi za Somanda na Malambo, mjini Bariadi, kwa miaka kumi na tano. Mteja akitaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, fomu na mchoro wa nyumba vinahitaji mhuri wa mtu mwenye leseni ya mdhibiti wa nishati, EWURA, na leseni inaomba cheti cha mafunzo. Kwa hiyo kazi anaifanya yeye, mhuri anaukodi kwa mwingine, na sehemu ya malipo yake inaondoka na mhuri. Sitaki sharti la leseni liondolewe. Umeme unaua, na nyumba zimeungua. Ninachotaka ni njia ya fundi huyu kuipata leseni bila kuanza darasa la kwanza la umeme akiwa na miaka 45.

Njia hiyo ipo na inaitwa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. VETA wanaifanya, na Ofisi ya Waziri Mkuu imeifadhili katika Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Mtathmini anakuja karakanani, anamtazama fundi akifanya kazi yake ya kila siku, anamuuliza maswali, anaona mahali palipo na pengo. Fundi anafundishwa pengo lile tu, kwa muda mfupi, kisha anapewa cheti kinachotambulika. Kwa maoni yangu huu ndio mpango bora kuliko yote iliyobuniwa nchini kwa ajili ya mtu mzima, maana unaanzia kwenye anachokijua. Tatizo lake ni kwamba unakuja kama msimu wa mradi. Mwaka huu wanatangaza, fundi aliyeko Bariadi mjini anasikia, aliyeko Meatu vijijini anasikia wenzake walishapata vyeti. Urasimishaji unatakiwa uwe dirisha la kudumu katika kila wilaya, lenye siku zake zinazojulikana kama siku za gulio.

Tumeshaona pia gharama ya kutokuwa na dirisha hilo. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Kughushi ni kosa na sitalitetea. Lakini fikiria mhudumu au dereva aliyefanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa miaka kumi na tano, ambaye uongo wake ulikuwa cheti cha kidato cha nne alichokinunua akiwa na miaka ishirini na mitano. Ujuzi alioupata kazini ulikuwa wa kweli. Alipotoka langoni akiwa na miaka arobaini, hapakuwa na mahali pa kuupeleka ukapimwa. Mwaka 2022 Serikali ilikubali kuwarudishia michango yao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, na hilo lilikuwa tendo la haki. Michango ilirudi. Ujuzi wao haukuulizwa na mtu yeyote.

Wapo na wale wanaobadili kazi kwa kulazimishwa na umri wenyewe. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Walimu na wauguzi wetu wengi huchukua kiinua mgongo na kukitumbukiza chote kwenye mabanda ya kuku wa nyama au mashine ya kukamua alizeti, kazi ambazo hawajawahi kuzishika hata kwa wiki moja. Miaka mitano ya mwisho ya ajira ndiyo ingekuwa ya kujifunza, jioni na Jumamosi, kwa fedha ndogo ambayo ikipotea hailizi mtu. Mwajiri anajua tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi wake. Sioni sababu ya kungoja hadi wiki ya kuaga ndipo amwitie semina ya ujasiriamali.

Najua jibu litakalotolewa. Fedha za mafunzo ni kidogo, vijana wasio na kazi ni wengi, na shilingi ukiiweka kwa mtu wa miaka ishirini itafanya kazi miaka arobaini, wakati kwa mtu wa miaka arobaini na tano itafanya kazi miaka kumi na mitano. Ni hoja nzito na inatolewa na watu wenye nia njema. Lakini inahesabu miaka na kusahau mahali. Kijana wa Itilima akipata cheti cha ufundi, Machi yuko Mwanza, mwaka unaofuata yuko Dar es Salaam, na simlaumu, ndivyo vijana wanavyopaswa kuishi. Mtu wa miaka arobaini na tatu haondoki. Nyumba yake iko hapa, ng'ombe wake wako hapa, kaburi la baba yake liko hapa. Ujuzi ukiingia kwake unabaki kijijini. Tena kijana wa kesho atakayetafuta mahali pa kujifunzia kwa vitendo atamhitaji fundi mzima mwenye karakana yake. Gharama za sekondari za yule mtoto anayeingia mwakani, sare na michango, nazo zinatoka kwenye mfuko wa baba huyuhuyu. Singapore, nchi tajiri isiyo na shida ya kupata wataalamu, iliangalia hesabu hii ikaamua tangu 2024 kumwongezea kila raia wake aliyefikisha miaka 40 dola 4,000 za nchi hiyo za kulipia mafunzo. Hatuna fedha hizo. Lakini mstari wa umri waliouchora kama mahali pa kuanzia kusaidia, sisi tumeugeuza kuwa mahali pa kufungia mlango.

Fedha tulizonazo zinatosha kuanza na kidogo kilichopangwa vizuri. Mkulima wa pamba ana nafasi kati ya Agosti na Oktoba. Ameshavuna, ameshauza, ana shilingi mkononi kabla hazijaenda kwenye madeni na harusi, na akishang'oa na kuchoma masalia ya pamba yuko huru hadi mvua za kwanza. Darasa la watu wazima la wiki kumi lianze wiki baada ya Nanenane. Mahali pa kufundishia pasiwe tatizo: viwanja vya Nyakabindi, vilivyopokea Nanenane ya kitaifa kwa miaka kadhaa kuanzia 2018, vina mabanda, umeme na maji, na sehemu kubwa ya mwaka vinakaa bila watu. Masomo yaanze alasiri. Mwalimu aruhusiwe kueleza kwa Kisukuma mahali ambapo Kiswahili cha vitabu kinakwamisha. Cheti cha kidato cha nne kisiulizwe kwenye fomu. Anayehitaji miwani ya kusomea apimwe siku ya kwanza, maana baadhi ya wale wanaoonekana wazito wa kuelewa hawaoni tu maandishi yaliyo mbele yao. Anayemaliza apewe mashine kwa mkopo, alipe kwa msimu, kuliko kupewa fedha taslimu ambazo mgonjwa mmoja nyumbani anazimaliza.

Fani zichaguliwe kwa kuhesabu. Watendaji wa vijiji wakae na kuorodhesha kazi ambazo kijiji kinamlipa mtu wa nje kuja kuzifanya: kutengeneza pampu, kufunga umeme wa jua, kuchonga vyuma vya plau, kuchanja kuku, kushona sare za shule. Kila kijiji kipate watu wawili watatu kwa kila kazi, wasizidi, ili wasigeuke wale wanawake wa sabuni.

Na mojawapo ya kazi hizo isiahirishwe. Mradi mkubwa wa maji ya Ziwa Victoria kwa ajili ya Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, unaofadhiliwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na benki ya KfW ya Ujerumani, utaacha mabomba, matenki na vilula katika vijiji ambavyo havijawahi kuwa navyo. Tumeona miradi ya maji ikifa kwa kukosa koki ya bei ndogo na mtu wa kuifunga. Diwani wa kata inayongoja bomba hilo amuulize mkandarasi, katika mkutano wa kwanza kabisa, watu wangapi wa kijijini watafuatana na mafundi wake tangu mtaro wa kwanza unapochimbwa. Majina yao yapendekezwe na mkutano wa kijiji, yakiwemo ya wanawake, maana ndio wanaoteka maji na ndio wa kwanza kujua bomba limeharibika. Na umri usiandikwe kwenye fomu.